Mizani na Swali la Kanga

Ungo ulitua juu ya paa saa nne asubuhi, umebeba damu ya mwanamke ambaye alikuwa hajapoteza hata tone.

Mwanamke mwenyewe, Sikitu, alikuwa uani, amekaa mkekani na tumbo lake la wiki thelathini na saba, anamenya karanga na kucheka. Aliinua uso akakiona kile chombo cha duara, chembamba, chenye mapanga manne yanayozunguka bila kelele, kikishuka taratibu kama mtu anayetua tenga la mayai. Kwenye karatasi za serikali kiliitwa kirukaji-damu. Watu wa Singida walilitazama umbo lake mara moja tu wakakiita ungo. Mchungaji wa usharika alikemea kwamba hilo ni jina la mambo ya wachawi. Waumini wakaitikia amina, wakatoka nje, wakaendelea kusema ungo.

"Mama Msengi, ile ni yangu?" Sikitu aliuliza.

"Ni yako. Mifuko miwili, kundi lako lenyewe."

"Na nisipotoka damu?"

"Itarudi ilikotoka, nasi tutamshukuru Mungu."

"Haya! Mimi naletewa ungo mchana kweupe. Wakwe zangu wakisikia, sirudi tena kwenye ile nyumba."

Zilpa Mkumbo, ambaye wote pale walimwita Mama Msengi kwa jina la mwanawe wa pekee, alicheka mpaka karanga zikammwagika mapajani. Kisha akanyamaza ghafla, akainama kuziokota moja moja. Alikuwa na sababu yake ya kunyamaza, na alikuwa hajamwambia mtu.

Nyumba ya Kusubiri ilikuwa nje kidogo ya jiji, kati ya majabali makubwa, mahali ambapo minara ya upepo ilisimama kwa mamia na kuzunguka mchana kutwa. Nyumba kama hiyo zilikuwa arobaini nchi nzima. Ndani ya kila moja kulikuwa na mtambo ulioitwa Mizani. Haukuwa mtambo wa kutisha: kisanduku tu, rangi ya udongo wa chungu, kimewekwa juu ya meza ya chumba cha mbele, na kando yake bamba la kioo la kuandikia. Kazi ya Mizani ilikuwa kumpima mjamzito na kusema mapema kama huyu yuko kwenye hatari ya kutoka damu nyingi akishajifungua.

Zamani mwanamke alianza kutoka damu kwanza, ndipo watu wakaanza kukimbia: huyu anatafuta gari, huyu anamtafuta daktari, huyu anaulizia nani ana damu ya kundi lake. Saa mbili zilitosha kummaliza mtu mzima aliyeamka salama. Sasa damu ilitangulia kufika. Mjamzito alivishwa kikuku mkononi, kikuku kikasoma mapigo ya moyo, presha, na kama damu yake ni nzito au imepungua. Picha ya tumbo ikaonyesha mtoto ni mkubwa, ni mapacha, au kondo la nyuma limekaa chini pabaya. Mizani ikapima yote, kikuku kikabadilika rangi. Kijani, nenda nyumbani, rudi siku zako zikikaribia. Chekundu, baki hapa mpaka ujifungue, na damu yako ikusubiri juu ya paa.

"Nyekundu si ugonjwa," Zilpa aliwaambia wale walioanza kulia. "Maana yake usiachwe peke yako. Basi."

Lakini kikuku kilisoma mwili wa leo tu. Ya jana yalihitaji mdomo. Je, amewahi kupasuliwa? Uchungu ulichukua siku ngapi? Uzazi uliopita alitoka damu nyingi? Mwanzoni mafundi waliipa Mizani sauti iulize yenyewe, sauti nzuri ya kike. Wanawake wakaidanganya kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nani atakiambia kisanduku siri zake? Ndipo wakaajiriwa waulizaji, watu wa nyama na damu, na Zilpa akawa mmoja wao, yeye mwenye elimu ya darasa la saba na macho yasiyopitwa na jambo.

Maswali yalikuwa ishirini na moja. La tisa ndilo lililowashinda waulizaji wengi, lile la damu ya uzazi uliopita. Ukimwuliza mwanamke wa kule, "Ulitoka damu nyingi?" atakujibu, "Hapana, ya kawaida." Kwa sababu kwao damu ya uzazi ni uchafu unaotoka, na ikitoka sana wazee husema amesafishika vizuri. Mtu atasemaje kwamba amesafishika kupita kiasi? Zilpa ndiye aliyegundua namna ya kuuliza. Kwanza alimpa mwanamke kazi ya mkono, karanga au dengu za kuchambua, kwa maana mtu mwenye kazi mkononi husahau kujilinda mdomoni. Kisha akauliza kama anayepiga soga:

"Kanga ngapi zilifuliwa siku ile?"

Hapo kila mmoja alikumbuka. Mwanamke anaweza kusahau tarehe, lakini kanga zake zilizoharibika hazisahau. Moja au mbili, ni kawaida. Nne na kuendelea, damu ilikuwa nyingi, na aliyewahi kutoka damu nyingi yuko karibu kutoka tena. Wakubwa wa Dodoma walilipenda swali hilo, wakalipeleka kwenye nyumba zote arobaini. Zilpa alipewa cheti, akakitundika ukutani karibu na picha ya marehemu mume wake.

Mume wake, fundi wa minara, alikuwa amefariki miaka minane nyuma. Msengi alifanya kazi kwenye karakana ya angani, ile inayotengeneza vioo vya jua huko juu. Karakana hiyo iliizunguka dunia mara kumi na sita kwa siku, na baadhi ya mizunguko ilipita juu ya Singida kabisa. Zilpa alikuwa na ratiba yake jikoni. Saa ikifika alitoka nje akatazama juu, hata kama ni mchana na hakuna kinachoonekana. Msengi alipiga simu sikukuu. Alikuwa mtoto mwema, kazi tu ilikuwa nyingi.

Na kuna miezi ambayo Nyumba ya Kusubiri ilikuwa tupu. Wajawazito wote kijani, wote wamekwenda kwao. Bi Mwantumu, mkunga mkuu, alikuwa na mume na wajukuu mjini, akimaliza kazi anaondoka. Zilpa alibaki na vitanda kumi na viwili vilivyotandikwa, na upepo. Alipika ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja ni kitu kigumu kupika. Siku zote unabaki.

Mwezi mmoja wa namna hiyo, miaka mitatu nyuma, alikuja mwanamke mcheshi, akakaa naye asubuhi nzima wakimenya karanga na kuimba. Walipofika swali la tisa akasema kanga mbili. Kisha akamtazama Zilpa akamwuliza, "Mama, wewe umekula lakini?"

Tangu mumewe afariki, hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza neno hilo. Zilpa aliinama juu ya bamba, akaandika tano.

Kikuku kikawa chekundu. Yule mwanamke alikaa wiki sita, na katika wiki hizo sita nyumba ilikuwa nyumba. Akajifungua salama, hakutoka damu, kila mtu akamshukuru Mungu. Zilpa alijiambia kwamba hakuna aliyeumia. Kukaa karibu na mkunga kumemdhuru nani? Baadaye akafanya tena. Hakuwachagua wagonjwa wala wenye huzuni, aliwachagua wanaocheka. Kwa miaka mitatu wakafika tisa, na Sikitu wa kumi. Kila asubuhi alisali, akaombea kila kitu isipokuwa hilo. Mungu alijua, naye alijua kwamba Mungu anajua, wakawa wanakaa kimya wote wawili.

Siku ile ile ungo ulipotua, kabla ya adhuhuri, akaingia mwanamke mwingine.

Aliitwa Yunis. Alitoka kijiji cha mbali nyuma ya milima, mwendo wa saa nne kwa gari la wajawazito. Uso ameukunja, ananuka moshi wa kuni, na hakusalimia mpaka aliposalimiwa. Hakuwa mtu ambaye Zilpa angetamani kula naye. Alipewa karanga akazimenya kama anazigombeza.

"Mimba ya ngapi hii, mwanangu?"

"Ya tatu."

"Ile ya pili, ulijifungulia wapi?"

"Nyumbani kwa mama mkwe. Mvua ilikata njia."

"Na kanga ngapi zilifuliwa siku ile?"

Yunis aliacha kumenya. "Sita. Na shuka la mama mkwe. Lile shuka ananitajia mpaka leo. Nilizimia, nikaamka nasikia analililia shuka."

Zilpa aliandika sita, akaongeza na shuka pembeni. Hakuwa na shaka kikuku kitakuwaje. Alikuwa ameshafikiria kitanda cha kumpa, kile cha karibu na dirisha.

Kikuku kikawa kijani.

"Kijani!" Yunis alitabasamu kwa mara ya kwanza, akawa mtu mwingine kabisa. "Nilimwambia mume wangu, mimi sina kitu. Gari linarudi saa ngapi?"

"Saa tisa," Zilpa alisema. "Ngoja kwanza."

Alifuta jibu, akaliandika upya. Kijani. Akamvisha kikuku kingine. Kijani.  Aligusa pembe ya bamba, mahali ambapo Mizani hujieleza. Mtambo ule ulionyesha uzito wa kila jibu kwa kokoto zilizochorwa, kokoto nyingi uzito mkubwa. Swali la kanga alilijua toka zamani, lilikuwa na kokoto tisa, hakuna swali lililolizidi. Sasa zilikuwepo mbili. Chini yake pameandikwa maneno machache, kwa Kiswahili safi kisicho na hasira:

*Nimejifunza. Katika nyumba hii, waliotaja kanga nne na zaidi ni kumi na mmoja. Tisa hawakutoka damu. Jibu hili si hatari kama tulivyodhani.*

Tisa. Zilpa angeweza kuwataja kwa majina, na kila mmoja alivyokuwa anacheka.

Alikuwa amesahau, au alijisahaulisha, kwamba Mizani haikai ilivyo. Kila mwanamke akijifungua, mtambo huangalia ulichosema na kilichotokea, na kila robo mwaka hujisahihisha, mara ya mwisho wiki tatu nyuma, Sikitu akiwa tayari na kikuku chekundu. Ndiyo sifa yake kubwa. Zilpa aliilisha uongo kidogo kidogo miaka mitatu, nayo, kama mwanafunzi mtiifu, ikajifunza kwamba mwanamke aliyeloanisha kanga tano hana haja ya kuogopewa.

Yunis alishaanza kufunga furushi lake.

Palikuwa na njia rahisi, na Zilpa aliiona yote kwa mara moja. Swali la tatu: umezaa mara ngapi? Akiandika saba badala ya mbili, kikuku kitakuwa chekundu, Yunis atabaki, hakuna atakayejua. Kidole chake kilifika juu ya kioo. Uongo mmoja zaidi, safari hii kwa kuokoa. Lakini kila robo mwaka Mizani zote arobaini zilikaa pamoja kwa waya na kugawana zilichojifunza. Kilichoandikwa Singida kinasomwa Kigoma, kinasomwa Mtwara. Huko nako kuna wanawake wanaomenya karanga na kutaja kanga zao, na hawana mtu wa kuwaandikia saba.

Akakiondoa kidole. "Mungu wangu," akasema kwa sauti, "usinyamaze tena. Nasema."

Bi Mwantumu alikuwa chumba cha kujifungulia anapanga vifaa. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Bi Mwantumu, yule aliyekuja leo asiondoke. Kikuku chake kinasema uongo."

"Kikuku hakisemi uongo, Mama Msengi. Kinaweza kukosea. Mizani inapima, haiapi. Hata wa kijani hutoka damu, nimewaambia mara ngapi?"

"Haijakosea. Imefundishwa vibaya. Mimi ndiye niliyeifundisha."

Akaeleza, amesimama, mikono ameifumbata mbele kama yuko mbele ya wazee wa kanisa. Hakupunguza kitu. Bi Mwantumu alisikiliza mpaka mwisho, mkasi mkononi. Kisha akauweka mkasi.

"Na huyu Sikitu anayecheka huko nje?"

"Mbili. Alisema mbili."

"La haula! Mtoto wa watu ana mwezi hapa." Akatoka mbio mpaka uani, akapaza sauti. "Gari lisiondoke na Yunis! Na mtu ampigie Mhandisi Kiula Dodoma, sasa hivi, sio kesho!"

Mhandisi Kiula, ambaye ndiye aliyeitengeneza Mizani akiwa kijana, alitokea kwenye kioo cha ukutani. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi chache, anayeuliza kabla ya kulaumu. Zilpa alirudia yote. Alipomaliza, mhandisi alivua miwani.

"Nimeelewa ulichofanya, mama. Sijaelewa kwa nini."

"Nilitaka mtu wa kula naye," Zilpa alisema.

Mhandisi aliivaa tena miwani yake. Kisha mhandisi akasema kwamba kuanzia dakika hiyo Mama Msengi asiliguse bamba. Angeweza kubaki kupika na kufua mpaka mwulizaji mwingine afike, baada ya hapo aende nyumbani. Maneno hayo aliyasema taratibu sana, kama mtu anayemvisha mwenzake bendeji.

Kuwaambia wanawake wenyewe ilikuwa kazi ya Zilpa, Bi Mwantumu alikataa kumsaidia. Sikitu alisikiliza, kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Mama, arusi ya mdogo wangu ilikuwa Jumamosi iliyopita. Nililia humu ndani, wewe ukanifuta machozi. Kumbe?"

 Sikitu aliondoka na gari la saa tisa, hakugeuka nyuma.

Yunis yeye alipiga kelele. "Kikuku changu kijani halafu mnanifunga! Nina watoto wawili nyumbani!" Alipoelezwa, alimtazama Zilpa toka utosini mpaka miguuni. "Kwa hiyo uliwafungia wenzangu humu wakuchekeshe. Mimi sichekeshi mtu, mama. Nakwambia mapema."

Na kweli hakumchekesha. Siku kumi na sita walikaa wawili katika nyumba ile, wakila kila mtu na sahani yake pembe yake, na Zilpa aliona kwamba hajawahi kuwa peke yake kama siku zile alizokuwa na mwenzake.

Siku ya kumi na saba, Ijumaa, baada ya adhuhuri, Yunis akajifungua mtoto wa kike wa kilo nne. Kondo la nyuma lilitoka vizuri. Kisha mfuko wa uzazi, ambao ulitakiwa ujikaze na kufunga mishipa, ukalegea kama mtu aliyechoka. Zilpa alikuwa nje ya mlango, haruhusiwi kuingia, lakini trei ya kupimia iliyokuwa chini ya kitanda ilisema kwa sauti, naye akasikia kila namba.

"Mia tatu. Mia tano. Mia nane."

"Sindano!" Bi Mwantumu alisema, mikono yake ikikanda tumbo. "Tundika mfuko wa kwanza. Yunis! Nitazame mimi. Usilale, wewe mwanamke, leo hakuna shuka la mtu hapa!"

"Lita moja na mia mbili."

Mifuko miwili ya Yunis, iliyoagizwa siku aliyozuiwa, ilikuwa juu ya paa kwenye sanduku la baridi, imesubiri siku kumi na sita. Mfuko wa kwanza ukaingia, wa pili ukaingia. Mfuko wa tatu uliletwa na ungo toka mjini, ukafika dakika sita tangu uitwe. Zilpa alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji na hakuomba kwa maneno, alilitaja jina tu, Yunis, Yunis. Trei ikasema lita moja na mia tano. Ikasema tena lita moja na mia tano. Ikanyamaza.

Mlango ukafunguliwa kidogo, mkono wa Bi Mwantumu ukatoa ndoo. Ndani yake mlikuwa na kanga. Maana wanawake wa kule, mtambo uwe umesonga mbele vipi, hawalali kujifungua bila kutandikiwa kanga zao wenyewe.

Zilpa alizifua kwa mikono, kwenye bomba la uani, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alizihesabu akizianika, upepo ukizipiga usoni mwake. Alirudia kuhesabu, kama mtu asiyejiamini tena.

Kesho yake aliruhusiwa kupeleka uji. Yunis alikuwa mweupe midomo, mtoto kifuani.

"Zilikuwa ngapi safari hii?"

"Saba."

"Umeongeza?"

"Sijaongeza."

Yunis alikunywa uji, kijiko kimoja, cha pili. "Afadhali mama mkwe hakuleta shuka lake," akasema. Hakucheka, lakini pembe ya mdomo ilisogea.

Wiki hiyo Mhandisi Kiula alikuja mwenyewe toka Dodoma kuisafisha Mizani. Majibu yote ya miaka mitatu ya Singida yalifutwa, ya kweli na ya uongo pamoja, kwa sababu hakuna awezaye kuyatenga kwa uhakika. Kokoto tisa zikarudi. Alipomaliza alimwita Zilpa, akamvutia kiti.

"Mama, sipendi kukuambia, lakini nadhani utataka kujua. Nyumba mbili za magharibi zilikuwa zimeshachukua somo la hapa. Nyumba moja, mwezi uliopita, alikuja mwanamke akataja kanga tano. Za kweli. Mizani ya kule ikampa kijani."

Zilpa alishika ukingo wa meza.

"Alirudi nyumbani. Alijifungua akiwa na shangazi yake tu. Ilichukua saa mbili."

"Anaitwa nani?"

"Majina siruhusiwi kuyatoa, mama."

"Nimewauliza wanawake majina na siri zao miaka kumi na mmoja," Zilpa alisema. "Sijawahi kumwomba mtu jina kama ninavyokuomba wewe."

Mhandisi alifunga mkoba wake, akasimama, akaenda mpaka mlangoni. Hapo akageuka.

"Nyamizi. Alikuwa na miaka ishirini na sita."

Zilpa alirudi kwenye nyumba yake chini ya mwinuko. Cheti hakukitundika, alikirudisha ofisini. Alimwambia Msengi kwenye simu, yote, na kutoka huko juu angani sauti ya mwanawe ilichelewa kidogo, kama inavyochelewa siku zote. "Mama, mbona hukuwahi kuniambia uko mpweke hivyo?" Alifikiria ajibu nini. Alisema tu kwamba mboga inaungua. Hapakuwa na mboga jikoni.

Ilipita miezi minne. Jumamosi moja asubuhi alisikia hodi, na aliyeingia ni Bi Mwantumu, ambaye tangu yale yatokee hakuwa amekanyaga hapo. Hakueleza alichofuata. Alikaa kwenye mkeka, akatoa ungo, ungo halisi wa kupepetea, akamwaga karanga za maganda, akasukuma nusu upande wa Zilpa. Wakamenya. Walisema habari za mvua, na za mjukuu wa Bi Mwantumu aliyeng'oka jino.

Zilpa alimenya mpaka alipoona bamba dogo la kioo kwenye kikapu cha mwenzake. Mikono yake ikasimama. Kazi hiyo aliijua, ni yeye aliyeivumbua.

"Unaniuliza," alisema.

"Nakuuliza. Mhandisi ameongeza swali la ishirini na mbili. Si la wajawazito, ni la waulizaji, kila mwezi, nyumba zote. Wewe si mwulizaji tena, lakini alisema uanze wewe." Bi Mwantumu aliendelea kumenya, hakumtazama. "Jana ulikula na nani, Mama Msengi?"

Jibu la kwanza lililomjia lilikuwa la heshima. Na jirani. Na watu wa kwaya, walipita. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Peke yangu," alisema. "Na juzi. Na wiki yote."

Bi Mwantumu aliandika. Kisha akatoa kikuku kikapuni, akamshika mkono, akamvisha. Kilikaa bila rangi kwa muda mfupi, kama kinachofikiri, halafu kikawa chekundu.

"Maana yake unaijua," Bi Mwantumu alisema. "Nitakuja kesho. Keshokutwa atakuja mwingine. Imepangwa, usibishane na mtambo."

Zilpa alikitazama kile chekundu kwenye mkono wake uliokunjamana. Alikuwa amekivisha mikononi mwa wanawake wengi, wengine kwa haki, wengine kwa wizi. Machozi yalimdondoka, hakuyafuta.

"Hiki kilipaswa kuwa cha Nyamizi," alisema.

Bi Mwantumu hakumbembeleza, wala hakukataa. Alisogeza ungo karibu zaidi kati yao, wakaendelea kumenya.